Koili ya Pikipiki ya Lazaro: Kutoka Nanyala hadi Ndalambo kwa Kupitia Isongole

Ulikuwa mwaka 2023, majira ya kipupwe, wakati kahawa ya Mbozi inachumwa na asubuhi mtu akisalimia moshi humtoka kinywani. Nilikuwa na umri wa miaka hamsini na minane na miezi mitatu. Ninyi wenzangu wa darasa la watu wazima mmeniuliza mara nyingi yaliyonipata kati ya Jumanne tarehe 20 na Jumamosi tarehe 24 Juni, na kila nilipoanza kusimulia tuliishia kushika mbavu kabla sijafika Tunduma. Kwa hiyo nimeandika. Habari za vibali na za kutafuta gari nimeziacha, kwa kuwa hazijawahi kumfurahisha mtu.

Kwanza mjue nilikuwa nashindania nini. Marehemu mume wangu, Lazaro, aliacha pikipiki ya Kijapani ya zamani, nyekundu, ambayo mwaka 2004 alinifundisha kuiendesha katikati ya mibuni, akinikimbilia kwa nyuma na kunisihi nigonge kitu chochote isipokuwa kahawa. Alifariki tarehe 2 Februari 2022, na miezi michache baadaye pikipiki nayo ikanyamaza. Katika kikao cha ukoo cha tarehe 27 Mei 2023, shemeji yangu Amosi, mdogo wake Lazaro, alisema kwamba chombo kinacholala jikoni pamoja na kuku kimekwisha kuwa kiota, afadhali apewe yeye akifufue. Hakusema kwa ubaya. Amosi huomba kitu chako kama mtu anayekupokea mzigo.

Kaka Yohana, mkubwa wao na mwenyekiti wa ukoo, akaamua hivi: ukoo utakutana tena Ndalambo tarehe 24 Juni. Siku hiyo pikipiki ikiingia uani kwa moto wake yenyewe, nami nikiwa juu yake, itaandikwa yangu. Ikifika juu ya gari, au ikisukumwa hata hatua moja, itaandikwa ya Amosi. Nikakubali mbele ya watu wote. Najua sheria ingeweza kunitetea bila mashindano yoyote, somo la uraia nimelisoma. Lakini nilitaka kuipata wakiwa wananitazama.

Nanyala hadi Tunduma, Jumanne tarehe 20

Fundi wetu wa Nanyala alikuwa amekwisha kuutambua ugonjwa: plagi haikutoa cheche kwa sababu koili ilikuwa imekufa. Koili ni kile kipande kinachopokea umeme mdogo wa betri na kuukuza mpaka uruke kwenye plagi na kuwasha petroli. Akaifungua, akanikabidhi, nami nikaifunga kwenye leso. Aliniambia Tunduma hakuna spea inayokosekana.

Nilipata nafasi katika pikapu iliyobeba kabichi. Tuliilaza pikipiki juu ya kabichi, tukaifunika shuka jeupe kwa ajili ya vumbi, tukaifunga kamba kichwani na miguuni, nami nikaketi pembeni yake nimevaa koti la Lazaro na kilemba cheusi. Sikufikiri kabisa jinsi tulivyoonekana.

Saa nne asubuhi tukaikuta foleni ya malori yanayosubiri kuvuka mpaka, nayo ilikuwa imeziba hata njia ya sisi tusiovuka. Tulisimama hapo hadi saa nane. Dereva mmoja wa Zambia alikuwa anapika ugali chini ya tela la lori lake, pamoja na majani ya maboga yaliyoungwa kwa karanga. Akaniita, "Mayo, iseni tulye," na maana yake mtu mwenye njaa huielewa bila kufundishwa. Nikashuka, nikanawa, nikala vizuri sana. Baada ya kula akalitazama shuka, akalitazama koti langu la kiume, akaniuliza kwa Kiswahili cha kuokoteza kama mume wangu amefariki. Nikajibu kwamba ndiyo, amefariki, Mungu amrehemu.

Yule bwana akavua kofia. Akaondoka, akazungumza na dereva wa lori la mbele, na huyo naye akazungumza na wa mbele yake. Kufumba na kufumbua malori yakaanza kusogea pembeni, moja baada ya jingine, na madereva wakawa wamesimama barabarani, kofia mikononi, wakituonesha kwa heshima kwamba tupite. Nilifungua kinywa nieleze. Dereva wa pikapu akanikanyaga mguu, akaninong'oneza, "Mama, lia kidogo."

Sikulia. Mimi ni mshirika wa kanisa mwenye wajibu. Lakini niliinamisha kichwa kwa sababu nilikuwa nimebanwa na kicheko, na mabega yakanitikisika kiasi kwamba mzee mmoja alifuta machozi aliponiona. Tukaingia Tunduma saa nane na nusu, kabichi, pikipiki na mimi, kwa msafara ambao hata Lazaro mwenyewe hakuupata.

Tunduma, Jumatano tarehe 21

Nililala kwa mwanakwaya mwenzangu wa zamani, na saa moja na nusu asubuhi nilikuwa mlangoni kwa fundi niliyeelekezwa. Alikuwa mtu mchangamfu, mwenye kibanda kilichoning'inizwa spea kama nyama buchani. Nikafungua leso. Akaichukua koili mfu, akaiweka kiganjani, akatembeza mkono mwingine juu ya koili mpya, akachagua moja na kuzilaza pamoja.

"Pacha wake, mama," akasema. "Tazama masikio, tazama mkia. Baba mmoja, mama mmoja."

Ndivyo Tunduma nzima inavyotafuta spea. Unapeleka mfu, wanamlaza kando ya mzima, na sura zikilingana basi ni ndugu. Nami niliona zinalingana kweli: miguu miwili ya kupokelea waya, matundu mawili ya skrubu, waya mnene mmoja mweusi. Akaifunga kwa robo saa. Nilipiga kiki mara moja tu na injini ikaitika. Sitawaficha: baada ya mwaka mzima wa ukimya, sauti ile ilinipanda kutoka nyayoni. Nikazunguka kibanda mara mbili bila sababu. Akina mama wauza ndizi wakapiga vigelegele, na mimi, mjane wa heshima zangu, nikawapungia mkono kama kiongozi anayepita.

Kikao kilikuwa Jumamosi, lakini nikaona heri niende Ndalambo siku hiyo hiyo, nikawasubiri huko huko nikinywa chai.

Barabara ya Ndalambo, kwenda kwa moto na kurudi kwa ng'ombe

Kwa kilomita tisa nilikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote katika mkoa wa Songwe. Niliimba sauti ya kwanza, nikaimba ya pili, nikajaribu na besi. Katika kilomita ya kumi pikipiki ikakohoa. Ikakohoa tena, ikatoa harufu ya pasi iliyosahauliwa juu ya nguo, ikazima. Nilipoigusa koili mpya niliunguza kidole hiki cha shahada, na alama mmeiona.

Nilipiga kiki mpaka mguu ukakataa. Kisha ukaja mkokoteni wa ng'ombe wawili, ukiongozwa na mkulima wa Momba aliyejitambulisha kwa jina la Sichone. Alishuka, akaizunguka pikipiki, akasema, "Dada, hiki chombo chako hakijui njaa yake ni ya nini. Pandisha turudi mjini."

Tuliipandisha. Ng'ombe wa kulia, aliyeitwa Diwani, aligeuka nyuma, akaona ndani ya kioo cha pikipiki sura ya ng'ombe mwingine aliyepanda mkokoteni wakati yeye anavuta, akagoma. Alichapwa, akabembelezwa, akaahidiwa pumba. Hakusogea. Sichone akanieleza kwa huzuni kwamba Diwani hapendi wapinzani. Ilinibidi nivue kilemba changu nikifunike kile kioo, na hapo ndipo mheshimiwa alipokubali kuendelea. Kilomita kumi zikatuchukua saa tatu na dakika arobaini. Tulikula viazi vitamu vya kuchoma na karanga, na ndipo Sichone aliponipa maneno yaliyoniokoa.

Alisema yuko fundi Isongole ambaye watu humwita Platini. Huyo hatazami sura ya kitu. Anakipima. "Ukimpelekea koili," alisema, "haangalii masikio wala mkia. Anaiuliza maswali kwa mita ya umeme."

Mpemba hadi Isongole, Alhamisi tarehe 22

Kutoka Mpemba, karibu na Tunduma, nilipanda na pikipiki yangu kwenye gari lililokuwa linakwenda kuchukua maharage Ileje, na saa sita mchana nilikuwa Isongole. Nilidhani Platini ni mzee. Nikakuta kijana wa miaka kama thelathini, mwenye mwanya na mikono myeusi ya mafuta, akifanya kazi mbele ya jiko la shangazi yake aliyeitwa Tusekile. Tukapatana mara moja, kama watu waliosoma darasa moja. Nilimweleza habari ya shuka jeupe, akacheka akakaa chini. Shangazi Tusekile akaleta ugali na maharage kwenye sahani moja, tukala pamoja, uso kwa uso, huku kijana akinifundisha.

Pikipiki ile, alisema, ni ya mfumo wa platini: vipande viwili vidogo vya chuma vinavyogusana na kuachana kila injini inapozunguka, na kila vinapoachana ndipo koili inaporusha cheche. Pikipiki nyingi za bodaboda za siku hizi hazina platini. Zina kijisanduku cheusi kinachoitwa sidiai, ambacho huipiga koili kofi moja kali la umeme. Kwa hiyo koili zake hutengenezwa ziwe laini, zipitishe umeme bila ubishi. Ile ya platini ni lazima iwe na ubishi, la sivyo umeme utapita mwingi na kuunguza kila kitu.

Alifungua kifuniko akanionesha. Nyuso za platini zilikuwa zimeungua, nyeusi kama chungu.

Akaleta mita. Koili mfu ya Lazaro ilikuwa imekatika upande unaokwenda kwenye plagi, lakini upande wa betri bado ulisoma omu nne za ubishi. Koili ya Tunduma ilisoma nusu omu. Nikamwambia asubiri. Nikachukua kijiti nikaandika mavumbini: volti kumi na mbili kugawanya kwa nne ni amperi tatu, volti kumi na mbili kugawanya kwa nusu ni amperi ishirini na nne. Mara nane. Wenzangu, mnakumbuka somo lile la fizikia ambalo nililia mwaka 2015 nikisema halitanisaidia chochote maishani? Niliitazama hesabu ile pale mavumbini nikatamani kuipigia picha.

Kijana akaitazama kwa muda mrefu. Akaniuliza natoka wapi. Nikasema Nanyala. Akauliza Nanyala kwa nani, maana ana watu wake huko. Nikasema kwa kujivuna kwamba kila mtu ananijua, mimi ndiye Mama Neema, mjane wa Lazaro.

Mita ilimdondoka mkononi.

Ninyi mnajua kwamba binti yangu Neema alikuwa amechumbiwa tangu Aprili. Posa niliipokea kwa mshenga, ya kijana wa Ileje aitwaye Ambakisye, fundi. Sikuwahi kumwona, wala haikupasa. Kwa watu wa mchumba huyo kama ilivyo kwetu, mama mkwe na mkwewe hawatazamani usoni, hawasemezani na hawali pamoja mpaka siku rasmi ya kufunguliwa mwiko huo. Na mimi nilikuwa nimemtazama kwa saa mbili. Nilikuwa nimemtania kuhusu mwanya. Tulikuwa tumemaliza sahani moja ya ugali, na kipande cha mwisho nilikuwa nimemsukumia mimi.

Akakimbilia jikoni, akarukia nje kwa dirisha. Mimi nikajifunika kanga gubigubi, nikakaa juu ya kabichi za shangazi bila kujua ninakalia nini. Shangazi Tusekile alicheka mpaka akashika nguzo.

Kisha nikakumbuka Jumamosi. Platini zimeungua, koili sina, na mtu pekee wa kunisaidia amejificha nyuma ya banda la mbuzi. Nikamwambia Shangazi kwamba nimekwisha, pikipiki ni ya Amosi.

"Umekwisha nini, Mama Neema?" akasema. "Mila imekataza nyinyi wawili kusemezana. Haijakataza kusema na pikipiki."

Akamrudisha kijana kinyumenyume, kama ng'ombe anayeingizwa zizini, akamkalisha upande mmoja wa pikipiki akiitazama barabara. Mimi akanikalisha upande wa pili nikiutazama ukuta. Ndipo nikasikia sauti ndogo:

"Pikipiki, mwambie aliyekuleta kwamba platini nitazisugua na tupa, zitafaa. Shida ni koili. Za umbo lako sina hata moja."

"Pikipiki," nikasema, "muulize fundi wako kama anazo za umbo lingine."

Kukawa na kelele za kupekua sanduku. "Mwambie ninayo ya gari la zamani. Ni nene, ndefu, kama chupa ya soda. Haifanani na wewe kwa lolote. Lakini na lenyewe lilikuwa gari la platini." Nikasikia mita ikilia. "Omu tatu nukta nane."

Nikagawanya kichwani. Amperi tatu na kidogo. "Pikipiki, mwambie aifunge."

Akaifunga chini ya tangi kwa mpira wa tyubu, kwa kuwa hapakuwa na skrubu inayoijua. Kila alipohitaji nishike waya aliuweka juu ya kiti na kugeuka, nami nikaupapasa bila kutazama. Kazi ya nusu saa ikachukua saa mbili na nusu. Katikati yake sauti ikauliza, kwa adabu kubwa, "Pikipiki, huyo mama yako alisoma wapi hesabu za umeme?"

"Mwambie nilisoma ukubwani. Kidato cha nne nilikifanya nikiwa na miaka hamsini na mmoja, na fizikia nilipata C."

Kisha, polepole, "Mwambie nashukuru Mungu nimemchumbia binti wa nyumba ile."

Nilipiga kiki nikiwa nimefunikwa kanga uso mzima. Ikawaka.

Isongole hadi Tunduma, Ijumaa tarehe 23

Niliondoka saa mbili asubuhi. Ambakisye alikuwa amesimama mbali, mgongo umenielekea, akiupungia mkono mlima. Kila baada ya kilomita kumi nilisimama, nikashuka, nikaigusa ile chupa ya soda kwa kidole kisichoungua. Ilikuwa vuguvugu kama shavu la mtoto. Hapakuwa na jambo lingine lolote siku hiyo, na sijawahi kufurahishwa hivyo na safari isiyo na la kusimulia.

Ndalambo, Jumamosi tarehe 24

Niliingia uani saa nne na dakika ishirini, kwa moto. Ukoo mzima ulisimama. Kaka Yohana akaniamuru nizime, kisha niwashe mbele yake, na nikafanya hivyo mara tatu. Wanawake walikuwa wamekwisha kuanza kuimba pale Amosi alipochuchumaa karibu na tangi.

"Shemeji, hii chupa ni ya nini?"

Nikamweleza ni koili. Akaligeukia baraza akasema, kwa sauti ya mtu anayesikitika kweli, kwamba yeye hana kinyongo, ila ukoo uliahidi kuandika pikipiki ya marehemu. Hii sasa ina kiungo cha gari. Si ile aliyoiacha Lazaro. Wazee wawili wakatikisa vichwa, na Kaka Yohana akashusha kalamu aliyokuwa ameishika. Niliona siku tano zangu zinaelekea kumwagika.

Nikasimama. Nilikuwa nimejiandaa kueleza omu na amperi, lakini nilipozitazama nyuso zao nikaacha.

"Kaka Yohana," nikasema, "Lazaro tulimzika na meno mawili ya bandia, tena ya rangi isiyofanana na yale mengine. Mlimwaga udongo wote. Kuna aliyesema tumezika mtu mwingine?"

Aliyeanza kucheka ni Amosi. Alicheka akiwa bado amechuchumaa, akapoteza mizani, akaketi chini, na baada ya hapo hapakuwa na kikao, palikuwa na kicheko. Kaka Yohana alijaribu mara mbili kusoma uamuzi na mara mbili akashindwa. Hatimaye muhtasari ukaandikwa: pikipiki nyekundu, pamoja na koili yake, ni mali yangu. Nilipewa niusome. Katibu alikuwa ameandika tarehe 25, nikamwonesha kosa, akasahihisha na kutia herufi za jina lake. Nikasaini saa saba na dakika kumi mchana, Jumamosi tarehe 24 Juni 2023.

Amosi akasaini kama shahidi. Kisha akanivuta kando, akaniuliza kwa sauti ya chini kama jioni narudi Tunduma, maana basi lilikuwa limekwisha kumwacha. Nikamwambia apande nyuma, ashike kiti, na mguu wa kulia auweke mbali na bomba la moshi.